Obama baba, mchumi aliyerudi nyumbani

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo ya wazazi kuanzia Vanga na Lunga Lunga hadi Ng'ombeni hugeuka na kuelekea ng'ambo. Mwenye ng'ombe huanza kuwahesabu, na mwenye minazi hupima moyoni ni ekari ngapi anaweza kuziachilia. Kijana naye, akiulizwa atakwenda kusomea nini, aghalabu hujibu kwamba ni uchumi, au uhasibu, au usimamizi wa biashara, na nchi zitajwazo ni India, Malaysia, Uturuki, Uingereza na Marekani. Hapana ubaya katika hilo. Wapwani tumelalamika miaka mingi kwamba hoteli za Diani zina mameneja watokao kila pembe ya dunia isipokuwa Kwale. Lakini kabla shamba halijapata mnunuzi, ingefaa msomaji ayatazame maisha ya Mkenya mmoja aliyekwenda kuusomea uchumi katika vyuo vinavyosifika, akafaulu kuliko wengi, akarudi.

Mtu huyo ni Barack Obama, baba yake rais wa 44 wa Marekani. Dunia inamjua kwa ajili ya mwanawe, nasi Wakenya tumekuwa wepesi kumwona vivyo hivyo, kana kwamba kazi yake pekee hapa duniani ilikuwa kumzaa mtoto mmoja mjini Honolulu. Ukweli ni kwamba alikuwa mchumi, tena mchumi mwenye fikra zinazotugusa sisi wa kusini mwa Mombasa zaidi ya wanavyoguswa wengi wa jamaa zake wa Nyanza.

Alizaliwa katika miaka ya thelathini karibu na Kendu Bay, akalelewa Nyang'oma Kogelo huko Siaya. Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu aliyesilimu, mtu mkali asiyevumilia uvivu wala uchafu. Mtoto alikuwa na akili nyepesi ya hesabu na ulimi mwepesi zaidi. Alipata nafasi katika shule ya Maseno, ambayo kwa wakati ule ilikuwa mlango wa kila Mwafrika wa Nyanza aliyetaka kuwa mtu. Akaondoka bila kumaliza, baada ya kukorofishana na wakubwa wa shule.

Hapo ndipo pwani inapoingia katika maisha yake. Kwa masimulizi ya ukoo wake, Onyango alighadhibika, akampeleka Mombasa kuwa karani katika ofisi ya mfanyabiashara Mwarabu, ili aonje jinsi riziki inavyotafutwa. Kijana hakudumu. Aligombana na tajiri wake, akaacha kazi, akawa karani tena kwa mshahara mdogo kuliko ule alioukataa, kisha akaenda Nairobi. Tukio hilo ni dogo, lakini lina picha nzima ya mtu huyu: alikuwa mwerevu kuliko kazi aliyopewa, alijua kwamba ni mwerevu, na hakuweza kunyamaza.

Nairobi ilimkutanisha na Elizabeth Mooney, mwanamke Mmarekani aliyesimamia kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Chini yake Obama alitunga vijitabu vya Kidholuo vya kuwafundisha wasomaji wapya mambo ya kilimo, afya na uraia. Wakati huohuo alisoma kwa njia ya posta ili afidie masomo ya sekondari aliyoyakosa, huku akipeleka barua kwa vyuo vya Marekani kimoja baada ya kingine. Mwishowe Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali.

Mwaka huo ulikuwa 1959, mwaka ambao Tom Mboya aliwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege moja ya kukodiwa kwenda Marekani. Wengi husema kwamba Obama alikuwa miongoni mwao. Hakuwamo, nauli yake ilitokana na msaada wa Bi Mooney na mwenzake, ingawa baadaye alipata msaada kidogo kutoka kwa wakfu uliosimamia mpango wa Mboya. Safari zile ziliendelea hadi 1963 na kuchukua vijana wapatao 800. Mwaka 1960 wakfu wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000 ili ndege zisikwame. Kwa hesabu ya kitaifa ilikuwa neema kubwa. Lakini kijana hupanda ndege ya namna hiyo baada ya kupita shule ya sekondari, na katika miaka ile shule nyingi za sekondari zilizofunguliwa kwa Waafrika, kama Maseno, Alliance, Kagumo na Mangu, zilikuwa mbali sana na Msambweni. Pengo lililofunguka siku zile kati ya pwani na bara halikuzibwa na uhuru, na kwa sehemu ndilo serikali ya kaunti ya Kwale imejaribu kuliziba baada ya 2013 kwa kuwalipia karo watoto wa maskini.

Obama aliwaacha nyumbani mkewe Kezia, mtoto mmoja na mimba. Huko Hawaii, jimbo lililokuwa limejiunga rasmi na Marekani mwezi wa Agosti mwaka huohuo, alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Katika darasa la Kirusi alikutana na binti aitwaye Stanley Ann Dunham, wakaoana Februari 1961, na mwezi wa Agosti akazaliwa mwana. Habari hizo zimekwisha kuandikwa hata zikachakaa. Lisiloandikwa sana ni kwamba alimaliza shahada ya uchumi kwa miaka mitatu badala ya minne na kuingizwa katika Phi Beta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi bora wa Marekani. Mwaka 1962 akaenda Harvard kutafuta shahada ya udaktari. Mkewe wa Hawaii na mtoto hakwenda nao.

Harvard ya siku zile ilikuwa kitovu cha uchumi wa takwimu, ule unaojaribu kuyaweka maisha ya taifa katika milinganyo ya hesabu. Obama aliupenda na kuumudu. Alipita mitihani, ikabaki tasnifu. Hapo ndipo alipokutana na nguvu ambazo mwanafunzi wa ng'ambo hazioni katika vijitabu vya rangi vya kuvutia wateja. Karatasi za idara ya uhamiaji zilizofunguliwa mwaka 2011 zinaonyesha kwamba wakubwa wa chuo, wakichukizwa na mambo yake ya wanawake na ndoa, waliafikiana na maofisa wa uhamiaji asiongezewe muda wa kukaa. Akaambiwa arudi kwao akaandikie tasnifu huko. Alirudi Kenya mwaka 1964, na alichopata Harvard ni shahada ya uzamili. Ile ya udaktari hakuipata kamwe, ingawa alipenda kuitwa daktari. Naona si haki kumcheka kwa hilo bila kumkumbuka aliyeufunga mlango.

Kenya aliyoikuta ilikuwa na njaa ya wachumi. Aliajiriwa na kampuni ya mafuta, na katika muda mfupi akaandika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kilele cha maisha yake. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa katika wizara ya Tom Mboya, rafiki yake. Pamoja na mengine, waraka ulisema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi, na kwamba ardhi ipimwe na kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja mmoja. Mwezi wa Julai Obama alichapisha katika jarida la East Africa Journal makala ya kurasa nane ya kuukosoa.

Alisema nini? Aliuliza ujamaa huo ni wa nani, ikiwa maduka madogo na makubwa ya Nairobi pamoja na viwanda vimo mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na waraka hauonyeshi njia ya kuyabadili hayo. Alitilia shaka kwamba hatimiliki ya mtu binafsi ndiyo dawa pekee ya kilimo, akapendekeza ushirika unaojengwa juu ya koo, mahali ambapo watu wamezoea kuishika ardhi kwa pamoja. Aliandika pia kwamba kinadharia hakuna kiwango cha kodi kilicho kikubwa mno, hata kama ni mapato yote, mradi walipao wanarudishiwa manufaa yanayolingana nayo. Hoja hii ya mwisho iliwashangaza wengi, na mimi mwenyewe siinunui. Lakini ile ya ardhi inastahili kusomwa tena na kila mkazi wa Diani, Kinondo na Msambweni.

Sisi tunayajua matokeo ya karatasi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa pwani alete ushahidi wake mbele ya serikali ya kikoloni. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua kudai ni wale waliozoea karatasi, wakadhi na mawakili. Mdigo aliyelima kwa haki ya ukoo na kuzika wazee wake karibu na kaya hakuwa na la kuonyesha ila minazi na makaburi. Uhuru ulipokuja, mfumo wa mtu mmoja na hati moja ulithibitishwa, na viwanja vya ufuo vilipopata thamani katika miaka ya sitini na sabini, wengi wa waliojipatia walikuwa watu wa mbali wenye vyeo au mitaji. Wenyeji wakawa maskwota mahali walipozaliwa. Aidha kanuni ya kuweka fedha zinapozaa haraka iliyaachia maeneo kama Kinango na ukame wao. Mtu wa Siaya aliyesoma Honolulu na Harvard aliuona mshono huo ukiachia wakati kitambaa kingali kwa fundi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba baadaye alipewa kazi mahali palepale maswali hayo yalipokuwa yakijibiwa kwa saruji. Kati ya 1967 na 1970 alikuwa afisa katika shirika la serikali la kustawisha utalii, lililoundwa mwaka 1965 ili kutoa mikopo na kununua hisa katika hoteli pamoja na wawekezaji wa kigeni. Ndilo shirika ambalo, kupitia kampuni tanzu ya African Tours and Hotels, lilikuwa na mkono katika hoteli kadhaa za nchi hii, mojawapo ikiwa Trade Winds ya Diani. Wazo lenyewe lilikuwa jema: serikali ishike hisa leo ili mwananchi azishike kesho. Kesho hiyo ilifika kwa wachache. Hoteli zikasimama kutoka Tiwi hadi Galu, na mwenyeji akabaki mlangoni akiuza vinyago na madafu.

Obama hakuwapo kuyaona yote hayo akiwa kazini. Aligombana na wakubwa wake, akaachishwa mwaka 1970. Mlinzi wake naye alikuwa amekwisha kuondoka: tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi mjini Nairobi, dakika chache baada ya kukutana na Obama barabarani, na Obama akatoa ushahidi mahakamani katika kesi ya mauaji hayo. Kutoka hapo maisha yake yaliteremka. Ndoa yake na Ruth Baker, Mmarekani aliyemfuata Kenya, ilivunjika. Pombe ilimshika. Aliendesha gari vibaya, akapata ajali zaidi ya moja, nyingine ikiwa ya kumtia hospitalini muda mrefu. Mwishoni mwa 1971 alisafiri hadi Honolulu, akakaa mwezi mmoja na mwanawe wa miaka kumi, na hawakuonana tena.

Zipo sababu mbili zitolewazo juu ya kuanguka kwake. Wapo wasemao kwamba serikali ya Mzee Kenyatta ilimwadhibu kwa kusema wazi na kwa kuwa Mjaluo. Wapo wasemao kwamba alijiadhibu mwenyewe kwa chupa na majivuno. Nadhani zote mbili ni kweli, wala moja haiifuti nyingine. Mwai Kibaki, aliyesoma uchumi London School of Economics na kurudi kushiriki katika kuuandaa waraka uleule, alijua kusema nusu na kuihifadhi nusu, akafika Ikulu mwaka 2002. Obama alisema yote. Alisema ofisini mchana, akayarudia usiku baa kwa sauti kubwa zaidi, na usiku haukumpa mtu wa kumwandikia.

Katikati ya miaka ya sabini alipata tena kazi, safari hii katika Wizara ya Fedha, na inasemekana alifanya kazi nzuri kila alipokuwa mzima. Usiku wa Novemba 24, 1982, gari lake liligonga mti jijini Nairobi, akafa papo hapo. Alizikwa Nyang'oma Kogelo, karibu na kaburi la baba yake. Zile kurasa nane za jarida zililala kwenye rafu za maktaba zaidi ya miaka 40. Zilitolewa vumbi mwaka 2008, na waliozitoa ni waandishi wa Marekani waliokuwa wakitafuta habari za mwanawe aliyegombea urais.