Tippu Tip: mutu mukubwa wa Kasongo na makaratasi yenye aliacha

Wakaaji wa Katindo, hapa mujini Goma, wanauza, wanasali na hata wanazozana katika Kiswahili. Lakini ni wachache wanajua ginsi lugha hii ilifika huku mashariki ya Congo. Kipande kikubwa cha habari hiyo kiko katika maisha ya mufanyabiashara mumoja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mwenye watu waliita Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka wa 1837, katika jamaa ya wafanyabiashara. Akiwa angali kijana, akaanza safari za bara kutafuta pembe za tembo. Jina Tippu Tip, yeye mwenyewe alieleza kwamba watu walimupa kwa kuiga mulio wa bunduki zake.

Kisha kuvuka ziwa Tanganyika, hakufungua njia kwa bunduki tu. Kufuatana na habari zenye aliandika, alipofika kwa Watetela alimuambia chefu Kasongo Rushie kwamba dada ya chefu, mwenye alitekwa zamani, njo mama ya mama yake. Mzee akaamini, akamupokea kama mujukuu, akamuachia utawala na pembe. Kisha akaweka makao Kasongo, katika Maniema. Huko misafara yake ilitumia Kiswahili, na lugha ikabakia hata misafara ilipokwisha.

Wazungu wenye walipita walimuhitaji. Livingstone alikutana naye mwaka wa 1867, Cameron mwaka wa 1874. Mwaka wa 1876 Stanley alimulipa ili amusindikize kutoka Nyangwe, kufuata mto.

Karatasi moja ya Zanzibar inaonyesha uhitaji huo waziwazi. Tarehe 24 mwezi wa pili mwaka wa 1887, Tippu Tip alitia sahihi mukataba na Stanley, mwenye alisimamia mufalme Léopold II wa Ubelgiji. Alifanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mushahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alipaswa kupandisha bendera ya Serekali Huru ya Congo na kuzuia biashara ya watumwa. Mutu mwenye misafara yake ilikuwa inateka watu, njo alipewa kazi ya kuzuia utekaji. Hakuna upande ulidanganyika: Léopold alitaka nchi bila vita, Tippu Tip alitaka kuendelea na pembe zake.

Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka wa 1890 aliacha mto Congo, akarudi Zanzibar. Miaka miwili kisha, vita ikawaka kati ya Serekali Huru na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mutoto wake Sefu akauawa mwaka wa 1893, na mwaka wa 1894 utawala wao katika Maniema ukakwisha.

Katika uzee wake, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, katika herufi za Kiarabu. Mujerumani Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin, miaka ya 1902 na 1903. Tippu Tip akafariki Zanzibar tarehe 14 mwezi wa sita mwaka wa 1905. Mpaka leo, mwenye kutafuta historia ya Maniema anaanzia mara nyingi kwenye kitabu hicho, pamoja na makaratasi ya Stanley yenye yamechungwa Tervuren, Ubelgiji.

Lakini makaratasi hayo ni ya wenye bunduki na kalamu. Kuna kitabu kingine cha kuweka pembeni yake. Karibu mwaka wa 1883, mutoto mumoja wa mto Congo, Disasi Makulo, alitekwa na watu wa Tippu Tip. Stanley akamukomboa, na kisha akakuwa mwalimu wa dini kwa mumisionere Grenfell. Alipozeeka, alielezea mutoto wake maisha yake, naye akayaandika. Kitabu kilitoka Kinshasa mwaka wa 1983.

Kwa Tippu Tip, safari ni hesabu ya pembe, vita na mapatano na machefu. Kwa Disasi, safari ileile ni mutoto mwenye anatolewa kwa wazazi. Bila kitabu cha pili, wasomaji wangebakia na sauti ya tajiri peke yake.

Na kitabu hicho cha pili hakikutoka katika ofisi ya serekali. Kilitoka kwa mzee mwenye alikubali kusema na mutoto mwenye alikubali kuandika. Katika Katindo, kama vile Kasongo ao Kisangani, wazee wa kusema hawajakwisha bado. Wenye kuandika njo wanangojewa.