Murumbi: Mwana wa Mgoa na Mmaasai aliyechagua jina la mama

Hayati Joseph Zuzarte Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alizaliwa Juni 18, 1911 huko Eldama Ravine. Serikali ya kikoloni ilikuwa na orodha ya kila rangi, lakini haikuwa na nafasi ya mtu kama yeye.

Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mamake, Njambaiki, alikuwa binti wa Murumbi, laiboni wa Wamaasai wa Uasin Gishu.

Akiwa bado mtoto mdogo, alipelekwa India kusoma katika shule za Kikatoliki. Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa kijana mwenye jina la Kireno na malezi ya Kigoa.

Nyakati hizo rangi ndiyo iliyoamua maisha ya mtu. Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na Waafrika walihesabiwa mbalimbali. Shule, hospitali na mishahara ya watumishi wa serikali ilipangwa kwa msingi huo huo. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, Mgoa hakubeba.

Jina la Zuzarte lingetosha kumkinga na madhila hayo. Murumbi hakuifuata njia hiyo nyepesi.

Baada ya kufanya kazi Somalia chini ya utawala wa Waingereza, alijiunga na chama cha Waafrika, KAU, mnamo 1952, akijulikana kwa jina la babu yake mzaa mama. Viongozi wa chama walipotiwa mbaroni Oktoba mwaka huo, alikaimu ukatibu mkuu na kusaidia kutafuta mawakili wa kumtetea Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata aliondoka nchini, akaishi uhamishoni London hadi 1962.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, katiba ilimpa uraia moja kwa moja mzaliwa wa Kenya ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa nchini, awe baba au mama. Wengi wa jamii ya Kiasia waliokosa sifa hiyo walipewa miaka miwili kutuma maombi.

Murumbi alihudumu kama Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Mei 1966 akateuliwa Makamu wa Rais kumrithi Oginga Odinga. Alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, Mgoa mwenzake katika siasa za ukombozi, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965.

Nje ya siasa, alikusanya vitabu, nyaraka na sanaa za jamii nyingi za Afrika, hazina ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Alifariki Juni 22, 1990, akazikwa karibu na City Park, alikolala Pinto.

Swali lililomwandama halikuzikwa naye. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Sensa ya 2019 iliwauliza wananchi kabila lao, kuanzia Nairobi hadi Nunguni kwenye vilima vya Makueni. Mtoto wa Mkamba na Mhindi bado aliandikwa chini ya kundi moja tu. Murumbi alipolazimika kuchagua, alichagua upande ulionyimwa haki, lakini jina la Zuzarte hakulifuta.