Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya chama chetu cha ushirika, tumeona yafaa kuwapa wanachama habari za maisha ya mtu aliyekuwa jirani yetu. Asimamaye ufukweni mwa Magu na kutazama ng'ambo ya Ghuba ya Speke, huelekeza macho Ukerewe, na huko ndiko alikokaa Mzee Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Machunda, Omukama wa Ukerewe. Alisomea seminari ya Rubya, Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni, lakini upadre hakuufikia. Mwaka 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Kisha akafanya kazi katika kampuni ya biashara ya Waitaliano, hata Vita Vikuu vya Pili vilipozuka. Ndipo akarudi misheni ya Kagunguli, akawa katekista na mfasiri.

Kazi zilibadilika, bali elimu ya wazee wake hakuiacha nje ya mlango wa kazi yo yote. Alikusanya hadithi, methali na desturi za Wakerewe, maana aliona wazee wanazikwa nazo. Padre Almas Simard alimhimiza, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliokosa mtoto. Humo mkulima ataona jinsi mume anavyotozwa na wakweze mitungi sita ya pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke, jinsi mganga anavyotibu kwa miti shamba, na jinsi watu wanavyolima, wanavyovua na kusaidiana. Sisi tuandikao mihutasari ya mikutano twakiri kwamba hatujapata kueleza kazi ya mikono kwa uangalifu namna ile. Mwishowe Bugonoka anawazaa Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee Kitereza na Bibi Anna wenyewe hawakujaliwa kubaki na mtoto.

Wachapishaji walikikataa, kwa kuwa wasemaji wa Kikerewe ni wachache. Mzee hakugombana nao. Uzeeni, viungo vikimwuma, alikaa akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa kikiwa na mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kumalizika. Lakini nakala zilipofika, mwandishi alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1981. Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, mfasiri akiwa Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe vile vile.