George Müller, Mhazini Aliyewapunja Wenzake

Mwaka huu mimi ndiye mhazini wa kikundi chetu cha maombi hapa chuoni. Kazi yenyewe si kubwa: daftari moja, bahasha moja, basi. Mwezi uliopita bumu lilichelewa, na mama ntilie wa pale getini alikuwa ameshanikatalia kula kwa mkopo. Nikachukua shilingi 40,000 kwenye bahasha. Nilijiambia kwamba Mungu atafungua njia kabla ya siku ya safari yetu, na sikumwambia mtu. Wiki hiyohiyo nikapangiwa kuzungumza juu ya mtu mmoja wa imani, nikamchagua George Müller kwa sababu nilidhani namjua.

Nani asiyemjua? Tumemsikia kwenye mahubiri tangu sekondari: watoto yatima wamekaa mezani, vikombe vitupu, Müller anashukuru kwa chakula ambacho hakipo, mara mwokaji mikate anabisha hodi, mara gari la maziwa linaharibika mlangoni. Hadithi hiyo tunaipenda sana, hasa bumu likichelewa. Nilipokaa chini kusoma habari zake ndipo nikagundua kwamba mtu huyu alianza maisha akiwa mwizi, na kwamba wizi wake wa ujana ulihusu fedha alizokabidhiwa kutunza.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt, nchi ya Prussia, ambayo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi, na kabla hajatimiza miaka 10 George alikuwa akidokoa fedha za serikali zilizowekwa nyumbani. Baba akashtuka, akahesabu kiasi fulani akakiacha mahali kijana alipo peke yake. Alipompekua, fedha zilikuwa ndani ya kiatu, chini ya unyayo. Akachapwa, akaendelea. Usiku ambao mama yake alikuwa anakata roho, yeye, kijana wa miaka 14, alikuwa anacheza karata mpaka saa nane usiku. Mwaka 1821 alikaa kwenye hoteli kama mtoto wa tajiri, akashindwa kulipa, akawekwa gerezani zaidi ya wiki tatu mpaka baba alipotuma hela.

Na baba huyo alitaka mwanawe awe nini? Mchungaji. Sababu yake haikuwa wito. Uchungaji wakati huo ulikuwa ajira nzuri, una nyumba na kipato cha uhakika, na mzee alitegemea kwenda kuishi kwa mwanawe uzeeni. Sisi ambao wazazi wetu walichagua kozi kabla hatujajaza fomu tunaelewa.

Akaingia Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1825 kusomea theolojia. Likizo ya mwaka ule yeye na rafiki zake wakapanga kwenda kutembea Uswisi. Waliweka vitabu vyao rehani, wakaghushi barua za wazazi ili wapate pasipoti, na George akapewa mfuko wa pamoja autunze. Aliutunza kwa namna yake. Alipiga hesabu kijanja kiasi kwamba safari ilimgharimu theluthi mbili tu ya walichotoa wenzake. Hapo nilifunga kitabu. Nilikifungua tena kesho yake, kwa sababu kipindi changu kilikuwa kimekaribia.

Jumamosi moja ya Novemba mwaka huohuo, rafiki yake aitwaye Beta alimtajia kikao cha maombi nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. Sheria ya huko haikuruhusu mtu asiyewekwa wakfu kuhubiri, kwa hiyo waliimba, wakasoma sura ya Biblia, kisha mmoja akasoma mahubiri yaliyochapwa. Kama ni kwa mvuto, hapakuwa na kitu cha kumvutia kijana wa mjini. Lakini mtu mmoja alipiga magoti kuomba. Müller, mwanafunzi wa theolojia, alikuwa hajawahi kuona mtu akiomba kwa magoti. Alirudi chumbani akiwa mtu mwingine, ingawa tabia zake hazikuisha zote kwa siku moja.

Muda mfupi baadaye alimweleza baba yake kwamba anataka kuwa mmisionari. Mzee alikasirika sana. George akaona si haki kuendelea kula hela za baba ambaye matumaini yake ameyavunja, kwa hiyo akaamua kutochukua tena, na bado alikuwa na karibu miaka miwili ya masomo. Ndugu zangu, huyo ni mwanafunzi aliyejifutia mkopo mwenyewe. Punde wakafika Halle Wamarekani kadhaa waliotaka kujifunza Kijerumani, mmoja wao Charles Hodge, profesa aliyekuja kuwa maarufu. Profesa Tholuck akampendekeza Müller awafundishe, nao wakamlipa vizuri hata akabakiwa na akiba. Mimi hapa naona jambo ambalo mahubiri huliruka: jibu la maombi yake lilikuja kama kazi ya kufundisha, na ilimbidi aamke aifanye.

Kuna jingine. Kwa miezi kama miwili alilala bure kwenye vyumba vya wanafunzi maskini ndani ya nyumba ya yatima ya Halle, iliyoanzishwa na August Hermann Francke zaidi ya miaka 100 kabla yake. Alipofungua nyumba yake mwenyewe, hakuwa amebuni kitu kipya. Alikuwa amekwisha kulala ndani ya mfano wake.

Mwaka 1829 alikwenda London, na mwaka uliofuata akawa mchungaji wa kanisa dogo mjini Teignmouth kwa mshahara wa paundi 55 kwa mwaka. Mshahara huo ulitoka kwenye kodi ya viti: mwenye nazo alikodi kiti kizuri, maskini akakaa panapobaki. Müller aliona hilo haliendani na Injili, akaukataa mshahara na kuweka sanduku ili anayetaka kutoa atoe. Alikuwa ametoka kumwoa Mary Groves wiki chache tu kabla. Fikiria mazungumzo ya nyumba ile. Lakini Mary alikubali, na walishi hivyo maisha yao yote.

Walihamia Bristol mwaka 1832. Mwishoni mwa mwaka 1835 akaanza kuombea nyumba ya yatima. Huruma ilikuwepo, lakini sababu aliyoitanguliza ilikuwa nyingine: alikutana na Wakristo waliofanya kazi saa 14 au 16 kwa siku kwa hofu ya njaa, na wafanyabiashara waliodanganya kwa sababu kila mtu anadanganya, akataka wawe na kitu cha kuona kwa macho. Akaombea fedha, jengo, wafanyakazi, samani. Tarehe 3 Februari 1836, siku ya kupokea maombi ya watoto, alikaa ofisini saa mbili na hakuja hata mmoja. Alikuwa ameombea kila kitu isipokuwa watoto! Jioni ile akaomba, na kesho yake ombi la kwanza likaletwa. Nyumba ikafunguliwa Aprili katika mtaa wa Wilson.

Usidhani kila siku ilikuwa gari la maziwa. Septemba 1838 walifika mahali pa kutaka kuuza vitu visivyo vya lazima. Ndipo mama mmoja kutoka London akaleta paundi 3 na kitu, alizotumwa na binti yake. Mama huyo alikuwa amefika Bristol siku tatu au nne kabla, na alikuwa amepanga chumba jirani kabisa na nyumba ya wavulana. Fedha zilikuwa upande wa pili wa ukuta siku zote hizo, na wao wanaomba. Müller alilishangilia jambo hilo. Mimi, nakiri, ningemuuliza yule mama alikuwa anangoja nini.

Katika dhiki hiyo yote hakukopa. Alilichukua kihalisi agizo la Paulo kwa Warumi kwamba Mkristo asiwiwe na mtu kitu. Hata mkate na maziwa, ambavyo ilikuwa kawaida kulipia mwisho wa wiki, waliamua kulipa papo hapo, na kama hela hazipo hawanunui. Kwake kuchukua kwa mkopo huku ukisema Mungu atalipa kulikuwa ni kumtumia Mungu kama mdhamini bila kumuuliza.

Wapo waliomkosoa. Walisema huwezi kudai kwamba humwambii mtu shida zako na huku kila mwaka unachapisha taarifa ya fedha yenye kila senti. Hoja hiyo ina uzito, na sidhani kwamba inajibika yote. Ila Desemba 1841, mfuko ukiwa karibu mtupu, yaani wakati ambao taarifa ingemsaidia zaidi, aliichelewesha kwa miezi kadhaa. Na hesabu hazikuwa za maonyesho. Mary alikagua vitabu na ankara za nyumba zile kila mwezi kwa miaka mingi. Mwizi wa Halle aliishi na mkaguzi ndani ya nyumba.

Kazi ikakua. Kwenye kilima cha Ashley Down yakajengwa majumba matano kati ya mwaka 1849 na 1870, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Mwishoni mwa mwaka 1857 bwela la kupasha joto lilivuja wakati wa baridi kali. Alipanga mafundi na siku, kisha akaomba upepo wa kusini na moyo wa kazi kwa mafundi. Siku ya kuzima moto upepo ukageuka kuwa wa joto, na jioni mafundi wenyewe wakasema afadhali wafanye kazi usiku kucha.

Februari 1870 Mary aliugua. Müller aliomba apone, naye akafa. Mume alihubiri mwenyewe kwenye mazishi. Sehemu hiyo sijaisikia kwenye mahubiri hata mara moja.

Alipofika miaka 70 akaanza kusafiri dunia akihubiri, kwa miaka 17. Alifariki asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898, akiwa na miaka 92, baada ya kushiriki maombi jioni iliyotangulia. Mikononi mwake zilikuwa zimepita zaidi ya paundi milioni moja, na watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa. Mali yake binafsi haikufika paundi 200, samani zikiwemo.

Bumu limeingia juzi. Nimerudisha 40,000 kwenye bahasha, lakini nimeiandika pia kwenye daftari, kwa wino, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha, na jina langu pembeni. Kikao ni Jumamosi, na mimi ndiye ninayesoma taarifa ya fedha.