Augustino na safari ya mifupa yake

Kila tunapochanga pesa za kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda nyumbani, mimi humkumbuka Mwafrika mmoja aliyetutangulia kuishi ughaibuni: Mtakatifu Augustino.

Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Baba yake hakuwa na uwezo mkubwa, na akiwa na miaka 16 kijana alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Wengi wetu tunaijua hiyo. Baadaye akaenda kusoma Carthage. Mwaka 383 alimdanganya mama yake, Monica, akapanda meli usiku kwenda Roma. Huko akawa mwalimu, lakini wanafunzi walikuwa wanamtoroka bila kulipa! Akahamia Milan, na mwaka 387 akabatizwa na Askofu Ambrosi.

Mama naye alikuwa amemfuata huko huko. Wakiwa Ostia, njiani kurudi Afrika, Monica akaugua. Siku zote alitaka kuzikwa kando ya mumewe, na kaburi alikwisha kuliandaa. Lakini pale akabadili nia: akawaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke katika sala. Kwa kweli huyu mama huniacha hoi. Alizikwa Ostia, na mwaka 1430 masalia yake yakahamishiwa Roma.

Augustino alirudi kwao mwaka 388, akawa askofu wa Hippo, leo Annaba, akaandika vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Kwa mujibu wa mapokeo, Wakristo waliokimbia walibeba mifupa yake hadi Sardinia. Karne ya 8, kisiwa kilipokuwa kinashambuliwa, Liutprand, mfalme wa Walombardi, aliihamishia Pavia, kaskazini mwa Italia. Ipo huko hadi leo, katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro. Mwaka 1842, enzi za Wafaransa, kipande cha mfupa wa mkono kilirudishwa Annaba.

Basi jamani, kilichorudi baada ya kifo ni kipande cha mfupa tu. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi akiwa hai, akawatumikia watu wake zaidi ya miaka 40. Michango tuendelee kutoa, kuzikana ni utu. Ila tusingoje kurudi nyumbani ndani ya sanduku.