Padri Cecil Majaliwa: Msomi Aliyerudi Kusini

Ndugu wana-Chinongwe, tunapochangia ada za vijana wetu, tumkumbuke Padri Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto. Alipokombolewa, wamisionari wa UMCA walimsomesha Kiungani, Unguja, kisha wakampeleka Uingereza katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Hakubaki Ulaya. Mwaka 1886 alipewa ushemasi akatumwa Chitangali, huku kwetu kusini, kuhubiri na kufundisha Wayao wenzake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Aliyeondolewa kwao kwa nguvu alirudi na elimu. Masomo yake yalilipiwa na wageni. Ya watoto wetu tuyalipie wenyewe.