Al-Khwarizmi na akili ya mashine: Binti akisahauliwa, nani atajibu?

AKILI mnemba, yaani kompyuta zinazojibu maswali, kutafsiri lugha na kutunga maandishi, inazungumzwa siku hizi mijini kana kwamba ni jambo lililozuka juzi huko Marekani. Wapo wanaoiogopa na wapo wanaoiamini kupita kiasi. Wachache wanajua kwamba neno lililo kwenye kiini cha fani hiyo, algoriti, limetokana na jina la mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Huyo ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu mwaka 780 Miladia. Nisba yake inaelekeza Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, katika Baytul Hikma, Nyumba ya Hekima. Humo vitabu vya Wagiriki, Waajemi na Wahindi vilikusanywa, vikafasiriwa na kujadiliwa. Aliandika juu ya nyota, juu ya kalenda, na juu ya miji na bahari za dunia.

Kutoka kwa Wahindi alichukua tarakimu tisa pamoja na sifr, ambayo sisi Waswahili tunaiita sifuri, akaeleza namna ya kuandika na kupigia hesabu namba yoyote. Nakala ya Kiarabu ya kitabu hicho imepotea. Iliyobaki ni tafsiri ya Kilatini ya karne ya 12, ambamo jina lake liligeuka kuwa Algoritmi. Taratibu jina la mtu likawa jina la njia. Leo algoriti ni hatua zilizopangwa moja baada ya nyingine, ambazo yeyote akizifuata sawasawa atafika kwenye jibu.

Kitabu chake kingine ndicho kilichoipa dunia neno aljebra. Robert wa Chester alikifasiri kwa Kilatini mwaka 1145. Hebu tazama mfano mmoja wa humo. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara kumi yake, utapata 39. Al-Khwarizmi hakutumia alama. Aliandika kila kitu kwa maneno. Chukua nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, upate 25. Jumlisha na 39, upate 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5. Jibu ni 3.

Mtoto wa shule anaweza kuzifuata hatua hizo bila kujua kwa nini zinaleta jibu. Na kama anaweza mtu asiyejua, inaweza pia mashine. Hapo ndipo ilipo mbegu ya jambo lenyewe. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hoja za hisabati kwamba mashine moja inaweza kufuata hatua zozote za hesabu ikipewa maagizo. Mwaka 1950 akauliza kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle akajibu kwa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani, anayejibu barua za Kichina kwa kufuata kitabu cha kanuni, na ilhali hajui Kichina hata neno moja.

Si haki kusema kwamba Al-Khwarizmi ndiye aliyebuni akili mnemba. Lakini yapo mawili aliyoyafanya ambayo leo tunayasahau. La kwanza, hakuishia kwenye hatua. Alichora miraba na kuthibitisha kwa nini hatua zile ni sahihi, ili msomaji asimfuate kipofu.

La pili ni makusudio. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni mas-ala ya wasia na mirathi. Mojawapo ni la mwanamke aliyefariki akaacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, naye ameusia sehemu moja ya nane na moja ya saba ya mali kwa mtu asiye mrithi. Mali inagawanywa mafungu 1,120. Wa wasia anapata 300, mume 205, mtoto wa kiume 246, na kila binti 123. Hesabu hii iliandikwa ili mwenye haki apate haki yake.

Sasa tuilete nyumbani. Tuseme mwanamke kama huyo, asiye na wasia wala deni, ameacha shamba la chai kule Lupembe, mkoani Njombe, na watoto wake wametawanyika Makambako na Dar es Salaam. Mafungu ni 20: mume 5, mtoto wa kiume 6, kila binti 3. Mmoja wao anafungua simu na kuandika warithi, lakini binti mmoja, aliyeolewa mbali, hamwandiki. Mashine itatoa mafungu 16: mume 4, mtoto wa kiume 6, mabinti wawili 3 kila mmoja. Hesabu haina kosa hata moja, na dhulma imetimia.

Akili mnemba za leo zina hatari ya ziada. Zimejifunza mpangilio wa maneno kutoka maandishi mengi mno, na huweza kutoa jibu lisilo kweli kwa lugha ya kujiamini. Ukiziuliza uthibitisho, huenda zikakutungia na huo pia.

Basi ndugu msomaji, tusiikimbie mashine, kwani mwanazuoni huyu hakuikimbia elimu ya Wahindi. Lakini kabla ya kugawa, ukoo ukae, madeni yalipwe, warithi wote watajwe mbele ya mashahidi, na mjuzi wa mirathi aikague hesabu hatua kwa hatua. Siku yule binti atakapodai haki yake, hatakayeulizwa ni simu. Ataulizwa aliyeandika majina.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.